Bawabu

Barua ilikwenda Kempele, mwezi wa pili,
kwa Arvo Paakkola, kundi O hasi:
"Umekuwa kimya. Tumekukumbuka.
Karibu uchangie damu tena."
Arvo alikuwa ametimiza miezi tisa kaburini.

Mjane wake, Hellin, hakufoka.
Alipiga simu, akauliza tu:
"Mna habari gani naye ambazo mimi sina?"

Irmeli aliisikiliza rekodi ile mara tatu,
koti bado mwilini, theluji ikiyeyukia viatuni.
Kisha akaufungua msimbo wetu
kama mtu anayefungua friji baada ya likizo.

Tulikuwa tumeandika kwamba amefariki.
Hilo nataka lieleweke.
Tarehe ilikuwapo, safu ya kumi na nne,
muuguzi aliitia siku ileile.
Lakini ukurasa wa miadi uliiuliza hifadhidata kwa njia yake,
ripoti ya mwezi kwa njia yake,
na programu ya barua, niliyoiandika mimi
Ijumaa moja nikiwahi basi la saa kumi,
iliuliza: nani hajachangia kwa siku mia mbili?
Haikuuliza: nani yu hai?

Mahali thelathini na moja. Irmeli alipahesabu kwa penseli.
Mahali thelathini na moja tulipochovya
kila mtu na kata yake,
kama wageni wasio na adabu saunani,
mwingine akimwaga, mwingine akinawa, ndoo ni ileile.

Akasema: kuanzia leo hakuna anayesema na jedwali.
Mtasema na hiki nitakachokijenga.
Veikko akanung'unika: huko ni kurefusha njia,
nyumba ndogo haina haja ya bawabu.
Irmeli hakubishana.
Alimvisha vipokea sauti, akambonyezea rekodi.

Wiki nne. Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
watu wakienda kazini kwa baiskeli kama kawaida ya Oulu,
na tabaka likainuka kati ya kurasa na data,
jembamba, lisilo na rangi;
hakuna mchangiaji atakayejua lipo.
Majina ya kazi zake aliyachagua polepole.
Lugha yetu huweza kubebesha neno moja sentensi nzima,
naye alilitumia hilo bila huruma:
atakayewezaKuchangia.
aliyeombaAsahaulike.
Ukilisoma jina, umeshasoma sheria.

Na ndani, pale chini, mara moja tu, aliweka sharti.
Hakutaka litegemee kumbukumbu ya mtu,
kwa kuwa kukumbuka ndiko kulikotuponza:
marehemu hapiti.
Ukimhitaji, uko mlango wa pembeni,
nawe utaandika sababu kabla haujafunguka.

Nilipewa kazi ya kulifuta swali langu.
Mistari sita. Ilifutika upesi
kuliko ilivyostahili.

Kwa majaribio tulibuni watu:
mwanamke wa majina mawili ya ukoo,
kijana aliyehamia Luleå,
mmoja aliyezaliwa Februari ishirini na tisa.
Ilipofika zamu ya marehemu, Irmeli alisita,
vidole juu ya kibodi.
Akamwita Jaribio la Nne, akaendelea.

Usiku wa kuliwasha, Veikko alileta mikate ya iliki.
Hakikutokea kitu. Tukala. Bado hakikutokea kitu.

Asubuhi Irmeli akampigia Hellin,
akamwambia yote, mpaka safu ya kumi na nne.
"Kwa hiyo mmemfuta?"
"Hapana. Yupo. Ila haitwi tena."
Nikasikia saa ya ukutani ya Hellin kwenye spika.
"Alichangia mara ngapi?"

Irmeli akapita mlango wa pembeni.
Kisanduku kikauliza sababu.
Akaandika: mkewe ameuliza.

"Hamsini na tatu."

Saa ikagonga, ikagonga.
"Mimi," akasema Hellin, "aliniambia arobaini."